Rashasha Ni Tamu, Ila Isikatiwe Tiketi

Ukitaka kujua nani kati ya wasomi wenzako amepita JKT kwa mujibu wa sheria, huna haja ya kuuliza. Kaa kimbwetani jioni ya Ijumaa, subiri stori za test na bumu ziishe, halafu sikiliza. Haipiti nusu saa kabla mtu hajaanza: "Mimi kule kambini bana, siku ya shabaha..." Hapo ndipo utaona maajabu. Mchakamchaka wa alfajiri unatajwa kwa malalamiko, maharage yanatajwa kwa kicheko, jembe linatajwa harakaharaka. Bunduki peke yake ndiyo inayotajwa huku macho yaking'aa.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita stori hizo ziligeuka mjadala, na mjadala ukawa mkali. Jamaa mmoja anayesoma utalii chuo jirani alikuja na wazo. Iringa, anasema, tuna Ruaha, tuna Isimila, tuna Kalenga, lakini mtalii analala usiku mmoja anaondoka zake. Tufungue uwanja wa kupigia rashasha. Mtu analipa, anavaa vizibo vya masikio, anamaliza magazini moja, anapigwa picha, anaenda kula nyama choma. Las Vegas kule Marekani wanafanya biashara hiyo kila siku, na watu wanapanga foleni. Karibu wote pale walishangilia. Mimi nilipinga, nikaambiwa naogopa kwa sababu ni msichana, na tena ni ticha mtarajiwa, na maticha kazi yao ni kuogopa. Basi nimeomba ukurasa nijibu bila kukatizwa.

Kwanza niseme ukweli ambao wapingaji wengi wa mambo haya hawapendi kuusema: kupiga bunduki ni raha. Sio raha ya kusimuliwa, ni raha ya mwili. Nilikuwa kambini baada ya kidato cha sita, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, miezi ile ya baridi ambapo ukungu unakaa juu ya misonobari mpaka saa tatu asubuhi. Tulifundishwa bunduki kwa wiki kadhaa kabla ya kuiona risasi. Kufungua, kusafisha, kufunga. Kulala kifudifudi, kitako begani, shavu kwenye mbao. Vuta pumzi, itoe nusu, ishikilie, finya taratibu, usivute kama unafungua mlango. Siku yenyewe ilipofika kila mmoja alipewa risasi chache za kuhesabu kwa vidole, moja moja.

Ile ya kwanza sikuisikia kwa masikio, niliisikia begani, kama teke la ndama. Ya pili niliisikia kwenye meno. Kufikia ya tatu nilikuwa nimeshasahau baridi, nimesahau njaa, nimesahau hata kwamba kuna afande amesimama nyuma yangu. Kulikuwa na mimi, ncha ya mtutu, na kipande cha ubao kule mbali. Harufu ya baruti inakaa puani mpaka usiku. Nilipata alama nzuri kuliko wavulana wengi wa kombania yetu, na nilitembea wiki nzima nikiwa nimenyoosha mabega. Sijutii. Msichana ambaye tangu darasa la kwanza anaambiwa hawezi kubeba, hawezi kupanda, hawezi kurusha, siku moja analala chini na wote wanaona kwamba anaweza kulenga. Hilo sio jambo dogo, na simruhusu mtu yeyote anipunguzie.

Halafu afande mmoja, baada ya sisi kumaliza, akatuonyesha namna bunduki inavyopiga mfululizo. Sekunde mbili tatu hivi, basi. Kishindo hakikuwa tena cha "pa, pa". Kilikuwa kitambaa kikubwa kinachochanwa. Udongo wa tuta ulirukaruka, maganda yakawa yanamwagika pembeni kama mahindi yanayopukuchuliwa. Kombania nzima ilipiga kelele za furaha, mimi nikiwemo. Kama angeniita wakati ule na kuniambia "njoo na wewe ujaribu", ningekimbia.

Kwa hiyo jamaa yangu wa utalii asiniambie sijui utamu wenyewe. Naujua. Na kwa kuwa naujua, nabishana na yeye kwa sababu nyingine kabisa, sio woga.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo tunachozungumzia, maana kimbwetani watu wanachanganya. Bunduki tunayoiita SMG, jamii ile ya Kalashnikov ya Kirusi na ndugu zake waliotengenezwa China, inabeba risasi 30 kwenye magazini ya kawaida. Kasi yake ya kupiga mfululizo ni kama risasi 600 kwa dakika. Gawanya: risasi 10 kwa sekunde. Magazini nzima ni sekunde tatu. Jambo jingine lililonishangaza nilipojifunza ni swichi yake. Ukiishusha kutoka kwenye usalama, kituo cha kwanza ni mfululizo, ndipo kinafuata cha moja moja. Aliyeitengeneza alikuwa na vita kichwani.

Na neno lenyewe, rashasha. Mimi napenda maneno, nivumilieni. Sisi wa Mbeya tunajua rasharasha, ile mvua nyepesi isiyolowanisha vizuri lakini haiishi. Kurasha ni kunyunyiza. Marashi nayo yametoka ukoo huohuo wa Kiarabu, ni kile kinachonyunyizwa. Bunduki ya rashasha basi ni bunduki ya kunyunyiza. Jina linakwambia kazi yake: chombo hiki hakilengi, kinamwagilia. Kile nilichojivunia kule kambini, pumzi iliyoshikwa na kidole kilichofinya taratibu, kwenye rashasha hakina nafasi. Mtutu unapanda juu wenyewe. Mtalii atakayelipia magazini moja atakuwa amenunua sekunde tatu za kutokulenga kitu.

Sasa turudi pale kwenye tuta, wakati kombania inashangilia. Jirani yangu kwenye mstari alikuwa msichana wa kutoka mkoa wa Kigoma. Upande wa mama yake ni watu waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Mimi nilikuwa napiga kelele, nikageuka nimshike mkono, nikakuta hayupo wima. Amelala. Uso kwenye nyasi, mikono juu ya kisogo, magoti yamekunjwa. Hakuna aliyemwamuru. Mwili wake ulifanya hivyo wenyewe, kama wako unavyofumba macho ukirushiwa mchanga. Wengine walicheka, wakidhani ameogopa kishindo. Lakini asubuhi ileile alikuwa amepiga risasi zake moja moja bila kutetemeka, vizuri tu.

Usiku nikamuuliza. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni: "Moja moja wanamtafuta mtu. Ile ya kumwaga wanatafuta kijiji." Hakuongeza kitu, na mimi sikumchimba. Tuliendelea kukunja nguo.

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mitatu sasa. Siyaleti hapa ili mtu ajisikie vibaya kwa kufurahia bunduki. Nilishasema mimi mwenyewe nilifurahi. Nayaleta kwa sababu raha yetu na hofu yake vilitoka kwenye sauti moja, kwa sekunde zilezile, na tofauti pekee kati yetu ilikuwa kwamba mimi nimekulia Uyole ambako mlio mkubwa kuliko yote ni wa lori la viazi lililopasuka tairi. Raha ile ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuwa upande wa pili wa mtutu. Watanzania wengi wa umri wetu tuko hivyo, na tumshukuru Mungu. Ila tusidhani ni hali ya kawaida ya dunia. Ukanda huu wetu, ukichora duara kutoka Iringa, hupiti mbali kabla hujakutana na familia ambazo sauti hiyo wanaijua kwa jina la kijiji na tarehe.

Na wala hatuhitaji kuvuka mpaka. Chuo chetu kimebeba jina la Mkwawa. Kila siku tunaliandika kwenye karatasi za mitihani. Hebu tukumbushane.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilishambuliwa na Wahehe. Zelewski alikuwa na askari wenye bunduki za kisasa, alikuwa na mizinga na rashasha. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Walitokea kwenye vichaka karibu sana, na kwa muda wa dakika chache mambo yakaisha. Zelewski mwenyewe aliuawa. Rashasha za Maxim zilizokuwa zinatisha Afrika nzima hazikupata nafasi ya kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda, na tuna haki ya kuipenda.

Lakini hadithi haikuishia Lugalo. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi wakiongozwa na gavana mwenyewe, von Schele, wakaipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 wakaivamia na kuiteka. Mkwawa aliendelea na vita vya porini karibu miaka minne, mpaka Julai 19, 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikawa jambo la kuandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na hakikurudi mpaka 1954. Leo kiko kwenye makumbusho ya Kalenga, kilomita chache kutoka hapa. Nauli ni ya daladala. Kuna wasomi wanamaliza miaka mitatu hapa hawajafika, lakini hayo tuyaache.

Miaka saba baada ya kifo chake ikaja Maji Maji. Wahehe wenyewe hawakuingia kwenye vita hivyo upande wa waasi, lakini majirani zetu waliingia. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge wakiamini dawa ya Kinjikitile itageuza risasi kuwa maji. Bomani palikuwa na rashasha. Ndugu zangu, hizo risasi 10 kwa sekunde ninazozipigia hesabu hapa kama mchezo, ndizo zilizowajibu. Vita vyote pamoja na njaa iliyofuata viliua watu ambao makadirio yake yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Huyo ndiye mnyama ambaye jamaa yangu anataka kumfungulia uwanja wa burudani, tena karibu na Kalenga, ili mtalii, labda hata wa kutoka Ujerumani, atoke kuangalia fuvu la Mkwawa kisha akapige rashasha kabla ya chakula cha mchana. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema nina maneno. Sio maneno, ni ramani.

Ngoja niwe wa haki kwake, maana ana hoja moja nzito. Anasema: mtu mzima, anatumia pesa yake, hadhuru mtu, wewe ni nani umzuie? Na anasema tena: hatari ziko kwenye kila mchezo, mbona bodaboda tunapanda? Hoja ya hatari siichukulii kama ndiyo kubwa, lakini niiguse. Agosti 2014, kwenye uwanja wa burudani ya namna hii jimbo la Arizona, mtoto wa kike wa miaka 9, mtalii pamoja na wazazi wake, alipewa Uzi apige. Alipiga moja, vizuri. Kisha wakaiweka kwenye mfululizo. Mtutu ulipanda ukamshinda nguvu, risasi ikampiga mwalimu wake kichwani, akafa. Mwalimu huyo hakuwa mzembe wa mtaani. Alikuwa ni mkufunzi, amesimama pembeni ya mwanafunzi wake kama tunavyofundishwa kusimama. Mimi kama mwalimu mtarajiwa nasoma habari ile na kumfikiria zaidi yule mtoto, ambaye leo ni kijana wa umri wetu karibu. Watu wazima walimuuzia sekunde moja.

Ila tuseme jamaa yangu ataweka sheria kali, hakuna mtoto, bunduki zinafungwa kwenye stendi. Bado nabisha, na sababu yangu ni hii. Kule kambini utamu ule haukuja peke yake. Ulikuja umefungwa kwenye miezi mitatu ya jasho. Kabla ya risasi ya kwanza kulikuwa na wiki za kujifunza kutoielekeza kwa mtu hata ikiwa tupu. Baada ya risasi ya mwisho tulipiga magoti kwenye nyasi tukaokota maganda, yakahesabiwa, tukakaguliwa mifuko, na mpaka hesabu ilipokamilika hakuna aliyeondoka. Ganda moja lilikosekana. Kombania nzima ilipekua nyasi kwa karibu saa nzima mpaka likapatikana chini ya buti la mtu. Wakati ule nilinung'unika. Sasa naona ndilo somo lenyewe. Raha ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kuliko kila kilichoizunguka. Anachotaka kuuza jamaa yangu ni ile punje ya katikati, imemenywa, haina ganda. Hapo ndipo naona inaharibika.

Baba mkubwa wangu kule Rungwe alikwenda vita vya Kagera, 1978 mpaka 79, akiwa mgambo. Nilipotoka kambini nilikwenda kumsalimia na stori zangu zote. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumwaga. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza: "Na wewe baba mkubwa, ilikuwaje ukipiga mfululizo?" Akafikiri sana, akasema: "Inapata moto, mwanangu. Mikono inaungua." Kisha akaniuliza kama kambini tulikuwa tunapewa soksi za kutosha, maana kwao ilikuwa shida ni miguu. Alitembea mpaka Uganda. Ukimuuliza kuhusu vita anasimulia miguu.

Kuna kitu kingine, na hiki kinatuhusu sisi wa elimu moja kwa moja. Mwaka jana nilikwenda BTP shule moja ya kata mkoani Mbeya. Nilipewa Historia, Kidato cha Tatu, na kipindi changu cha pili kilikuwa mapambano ya Waafrika dhidi ya ukoloni. Somo ni kwa Kiingereza, lakini ukitaka kuona macho ya wanafunzi yakiwaka, sema kwa Kiswahili jinsi Lugalo ilivyokuwa. Nyuma ya darasa mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Madam, ulienda JKT? Ulipiga SMG? Tamu?" Darasa zima likanyamaza. Hawa ni watoto wanaocheza Free Fire kwenye simu za kaka zao hadi saa sita usiku; majina ya bunduki wanayajua kuliko majina ya mikoa.

Ofisini nilishashauriwa na mwalimu mmoja mzoefu kwamba mambo ya silaha yasiguswe darasani, utawafundisha ujambazi. Naheshimu uzoefu wake, lakini sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Nikajibu: "Ndiyo, nilipiga. Na ndiyo, ilikuwa tamu." Wakalipuka. Nikasubiri. Kisha nikaandika ubaoni: risasi 600, dakika moja. Nikawaambia watafute magazini ya 30 inaisha kwa muda gani. Walipata sekunde tatu. Nikawaambia wahesabu waliomo darasani. Walikuwa 62. Aliyekuwa anauliza ndiye aliyemaliza hesabu kwanza, na hakuisema kwa sauti. Alimwangalia jirani yake. Halafu tukaendelea na Mahenge, na kwa mara ya kwanza kwenye BTP yangu sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Sidai nimewabadilisha. Pengine jioni walirudi kwenye Free Fire kama kawaida. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeuliza "tamu?" anauliza swali la kweli, na majibu tuliyozoea ni mawili tu: majigambo ya kimbwetani, au "kaa chini, funga mdomo". La kwanza linamdanganya, la pili linampeleka akaulize kwingine. Uwanja wa jamaa yangu wa utalii ungekuwa jibu la kwanza lililojengewa uzio na kibanda cha tiketi.

Kuna mtu ataniuliza, sasa na JKT nayo inafundisha vijana bunduki, mbona huipingi? Mwaka 1966 wasomi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliipinga. Tarehe 22 Oktoba waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere aliwafukuza chuo zaidi ya 300, na hapohapo akajikata mwenyewe mshahara kwa asilimia 20. Baadaye, mwaka 1994, mafunzo ya lazima yalisitishwa, yakarudi 2013, na sasa kizazi chetu badala ya kuandamana tunaweka picha za kombati kwenye status. Sina uhakika kwamba wale wa 1966 walikuwa wajinga na sisi ndio wazalendo. Walau wao walijadili. Lakini JKT inanipa bunduki na kunieleza kwa nini: kuna nchi, na siku ikivamiwa mtu lazima asimame. Unaweza kubishana na sababu hiyo. Uwanja wa burudani hauna sababu ya kubishana nayo.

Na sisemi tusilenge kabisa. Nakubali, tena kwa moyo wote, kwamba shabaha ni mchezo mzuri. Iko Olimpiki tangu 1896. Ni mchezo ambao msichana wa kilo 50 anamshinda jitu la kilo 90 kwa sababu ya pumzi yake. Kama jamaa yangu ataleta bunduki za upepo, risasi moja moja, karatasi ya duara, mkufunzi wa kweli, na tukaingiza mchezo huo hata kwenye mashindano ya vyuo, nitakuwa wa kwanza kujiandikisha na nitamshinda mbele ya watu. Hilo nimemwambia. Akajibu kwamba bunduki ya upepo haiuzi. Mtalii anataka kishindo. Nadhani hapo alisema ukweli kuliko alivyokusudia.

Chama cha wanafunzi kimekubali tuufanye mjadala huu rasmi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni, ukumbi mdogo. Jamaa wa utalii ameahidi kuja na mchanganuo wa mapato na makadirio ya wageni kwa mwezi. Mimi nimeomba gari la chuo litupeleke Kalenga asubuhi yake, wasemaji wa pande zote mbili pamoja na yeyote anayetaka, viti ni 28. Kiingilio cha makumbusho kila mtu ajilipie. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya Jumatano.